Mkoba wa Watu Wawili

Mimi ni mtu wa wivu, na nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba nilimficha. Sina wivu wa mali. Jirani akinunua gari nitamsaidia kuliosha. Mwenzangu akipandishwa cheo nitampigia makofi, na yatakuwa makofi ya kweli. Wivu wangu ni wa aina moja tu: watu wawili wakiwa na maneno yao ambayo mimi siyajui, nachemka.

Chanzo chake nakijua. Nilizaliwa kitinda mimba nyuma ya dada wawili waliopishana mwaka mmoja, na dada hao walikuwa wakizungumza kinyume, ule mchezo wa kuanza neno kwa mkia wake, kwa kasi ambayo hata mama alikuwa akiambulia patupu. Tukiwa mezani wanasemezana jambo, wanacheka hadi maji yanawapalia, mimi nabaki kutoa macho. Miezi mizima nilijilaza chini ya kitanda chao na daftari, nikiandika kila nilichosikia, mpaka nikaikamata lugha yao. Siku niliyowajibu kwa kinyume chao wenyewe walitazamana, wakanipongeza, na kufika Jumamosi walikuwa wameshabadilisha kanuni. Nililia kuliko siku niliyovunjika jino. Dada mkubwa bado anaihadithia kila tukikutana, na mpaka leo mimi sioni kinachochekesha.

Labda ndiyo maana nilipokua nikaipenda kompyuta. Kompyuta hainong'oni. Ukiielewa umeielewa, haiwezi kukugeuzia kibao Jumamosi. Hivyo ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipoajiriwa ofisi ninayofanyia kazi sasa.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Tuko watu kumi na watano tukimhesabu Mama Mkurugenzi, na tunatengeneza programu za kupanga zamu za wauguzi hospitalini: nani aingie asubuhi, nani mchana, nani apumzike, nani asiachwe wodini peke yake kwa sababu bado ni mgeni. Lugha nyingi za kuandikia programu unazikuta zimeshapangwa. Mabano yakae hapa, nukta ikae pale, na ukikosea kompyuta inakugomea. Lugha tunayotumia sisi ina uungwana wa ajabu: inamruhusu anayeiandika aibadilishe. Unaiambia, kuanzia leo nikiandika hivi, wewe elewa vile. Hutaki mabano, unayaondoa. Unataka neno lako badala ya alama fulani, unaliweka, na kompyuta haibishi. Kanuni hizo zinakaa kwenye faili moja, na faili hilo tunaliita mkoba, kwa sababu unalibeba na kulifungua juu ya kila programu unayoandika. Tunakaa wawili wawili, madawati saba, na kila dawati lina mkoba wake.

Mke wangu nilimpata dawatini. Tulikaa bega kwa bega miaka minne kabla ya kuoana, na katika miaka hiyo hakuna wiki iliyopita asiniletee kanuni mpya. Ana akili inayoruka kama mafuta kwenye kikaango. Alikuwa akigeuza kiti chake na kuniuliza, je, tukiandika hivi si itakuwa rahisi zaidi? Nami nilikuwa nikimjibu kwamba mwandiko ni mwandiko, tusije tukajichanganya. Nilijiona mtu makini. Siku tulipofunga ndoa mkoba wetu ulikuwa na mistari kumi na moja, minane yangu na mitatu yake. Mama Mkurugenzi alitania ukumbini kwamba bwana harusi na bibi harusi wana kanuni kumi na moja tu na kwa hiyo hawatagombana. Watu walicheka, mimi nikavimba kichwa kwa fahari.

Tuliporudi kazini tulikuta barua. Utaratibu wa ofisi hauruhusu mume na mke kukaa dawati moja. Mimi nilibaki nilipokuwa, nikaletewa kijana mmoja mpole anayekubali kila ninachosema. Mke wangu akahamishiwa dawati la dirishani, kwa Mtanashati.

Jina hilo alipewa na ofisi nzima kabla sijafika, na alilistahili. Jua liwake lisiwake, koti halimtoki. Viatu unaweza kujitazamia uso. Anatembea taratibu, mkono wa kushoto mfukoni, kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna mpiga picha mahali fulani. Asubuhi ya kwanza alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Dada yangu amefika salama, shemeji. Nitamtunza." Shemeji wa wapi? Na nani alimwomba amtunze? Mimi nilikuwa nimemtunza miaka minne bila msaada wa koti lolote.

Halafu vikaanza vicheko. Si vicheko vya kupita kiasi, hapana. Ni vile vya watu wawili wanaotazama skrini moja: mmoja anaandika kitu, mwingine anasoma, wote wanatabasamu bila kusema neno. Mimi dawati langu lipo upande wa pili wa ukumbi, na shingo yangu ikajifunza kugeuka yenyewe. Yule kijana mpole aliniuliza kama nilikuwa nimelala vibaya.

Nilivumilia mwaka na nusu. Kisha siku moja, mchana kweupe, wenzangu wameshuka kula, nikafungua mkoba wao. Sikuiba. Mikoba yote iko wazi, anayetaka anafungua, ila hakuna anayejisumbua kusoma mkoba wa dawati lisilo lake. Nikatazama chini ya faili panapoandikwa idadi ya mistari. Mia sita na kumi na mbili.

Nilitazama tena. Sisi miaka minne, kumi na moja. Wao miezi kumi na minane, mia sita na kumi na mbili. Hesabu hiyo ilinikata maini. Kama ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kufanya. Hapa ningefanya nini, nimpigie nani kelele?

Nikaanza kusoma. Kanuni ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu niliijua. Ilikuwa ya kuondoa mabano kabisa na kuacha nafasi tupu zifanye kazi yake, na mke wangu aliniletea mimi hiyo, zamani, nikamkatalia huku nikitafuna mkate. Nilikuwa nimeisahau. Yeye hakuisahau, alihama nayo, na huku ilikuwa imepokewa vizuri na inafanya kazi. Baada ya hapo maneno yakaanza kuwa mageni. Wodi waliiita jiko. Zamu ni mlo. Muuguzi mgeni ni kijiko, mzoefu ni joho. Nikaona kumbe wamejenga nyumba humo ndani, wameinjika na wamepakua, na mimi niko nje mlangoni nasikia harufu.

Jioni ile nilimuuliza. Alikuwa akimenya viazi, nami nikajitia hamnazo, nikauliza kana kwamba nimeokota tu swali njiani: kwa nini wodi inaitwa jiko?

Kisu kikasimama. Akasema ni kwa sababu ni neno fupi. Nikamwambia hata wodi ni herufi nne. Akanitazama, nikaona kabisa kwamba kuna jambo limefika mdomoni na amelirudisha. "Niache nipike, bwana," akasema. Mke wangu hajui kudanganya, lakini kunyamaza anajua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Tangu hapo sikuwa na raha. Nilikuwa nikila namwaza, nikioga namwaza, na simwazi mke wangu, namwaza yule bwana na koti lake. Ndipo ikatokea Alhamisi moja wote wawili hawakuja. Mke wangu aliomba ruhusa kwenda kumtazama mama yake anayeumwa miguu. Mtanashati, nikaambiwa, amekwenda kwa daktari. Kwa daktari, eti, mtu mzima kama chuma! Siku hiyo hiyo, ruhusa mbili. Na siku hiyo hiyo hospitali moja ikapiga simu kwamba muuguzi wao amepangwa asubuhi moja kwenye wodi mbili, na programu ile ilikuwa ya dawati la dirishani. Nilipewa mimi niitengeneze. Nilikaa mbele ya majiko na vijiko vyao hadi saa saba mchana, muuguzi mkuu ananipigia kila baada ya robo saa na kila mara sauti yake inapungua adabu, na sikuweza. Mama Mkurugenzi alisimama nyuma yangu akiona kwamba siwezi.

Nikapata njia. Wakati huo nilikuwa na cheo kidogo, mwangalizi wa mwandiko, cheo ambacho hakikuwahi kunipa kazi yoyote. Nikakitumia. Niliandika waraka wa kurasa tano kwamba mikoba yote ifutwe na kila mtu aandike lugha kama ilivyoumbwa, mabano na alama zote mahali pake. Hoja zilikuwa nzito. Je, mtu akiugua? Akihama? Hospitali ingoje mpaka arudi atafsiri mafumbo yake? Niliusoma waraka wangu mara tatu na kila mara nikaukubali. Ukweli wote ulikuwemo isipokuwa mmoja.

Mama Mkurugenzi aliusoma mara moja tu. Akatoa wiki tatu: kila mmoja aandike upya programu zake kwa mwandiko wa kawaida. Akabandika ubao ukutani, kila mtu na mstari wake, na kila ukimaliza sehemu unabandika karatasi ya kijani. Akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba mwaka ujao mikataba itapungua miwili na atakuwa akitazama ubao huo.

Usiku wa siku hiyo mke wangu hakununa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alifuta meza, akaning'iniza kitambaa, kisha akaniuliza kama ule waraka niliuleta kwa ajili ya kazi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, polepole, kama anayenifungulia mlango kwa mara ya pili.

"Ni kwa ajili ya kazi," nikasema.

"Haya," akasema, akazima taa ya jikoni.

Wiki ya kwanza ubao ulijaa kijani. Mke wangu alimaliza wa tatu katika ofisi nzima. Mimi, niliyekuwa na mistari kumi na moja tu ya kuacha, nilimaliza siku ya pili. Mstari mmoja ulibaki mweupe na karatasi mbili tu mwanzoni, kama mdomo wa mzee. Ulikuwa wa Mtanashati. Wiki ya pili akaongeza moja. Watu walianza kupita mbele ya ubao na kuguna. Mama Mkurugenzi akamwita ofisini kwake, mlango ukafungwa, akatoka mkono mfukoni kama kawaida, akanisalimu, "Habari za kazi, shemeji," akaenda kukaa.

Nilifurahi. Naliandika neno hilo bila kulipamba. Nilimtazama mtu akizama nami nikaona baridi inaniingia moyoni, ile baridi tamu ya maji baada ya kutembea juani. Kilichoniudhi ni kimoja tu: mke wangu aliacha kushuka kula. Kila mchana alibaki dawatini pamoja naye, vichwa vimeinama, mke wangu ndiye anayeandika. Nikasema kumbe hata nikiwafutia mkoba bado wana la kunong'ona.

Jumanne ya wiki ya tatu mke wangu aliondoka nyumbani mapema sana, akasema anapitia kwa mama yake. Nikangoja dakika kumi, nikavaa, nikaenda ofisini. Sikuwa na shaka hata kidogo juu ya kile nitakachokikuta. Nilipanda ngazi kwa ncha za vidole, mtu wa miaka arobaini na moja, roho juu, nikafika mlangoni na kuchungulia.

Alikuwa peke yake. Koti alikuwa amelitundika kwenye kiti, mara ya kwanza kumwona bila koti, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza. Ule wa kulia ulikuwa ukiandika. Ule wa kushoto umelala tu. Akaandika neno, akafika mahali panapotaka bano. Bano kwenye kibodi zetu linataka vitufe viwili vibonyezwe kwa pamoja, kimoja kwa kila mkono, sisi hata hatufikirii. Yeye akaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaunyanyua kama unavyonyanyua mkono wa mtoto aliyelala, akauweka juu ya kitufe ili uzito wake ukibonyeze, akapeleka haraka mkono wa kulia kwenye kitufe cha pili. Bano likatokea. Akaunyanyua tena, akautoa. Akaandika maneno mawili. Bano la kufungia. Akaunyanyua tena.

Nilihesabu mabano saba. Sijui kwa nini nilihesabu. Kisha akainua macho.

"Karibu, shemeji," akasema. "Leo umewahi."

Nikauliza swali la kijinga, nikamuuliza ni tangu lini. Akanieleza bila haraka, huku akiuvuta ule mkono na kuurudisha mfukoni. Ganzi ilianzia kidole kidogo miaka mitatu iliyopita. Ikapanda. Madaktari wamejaribu, sasa wanachofanya ni kumwangalia tu kila baada ya miezi miwili. Hakumwambia mtu ofisini kwa sababu aliyekaa dawati lile kabla yake aliugua mgongo, akapewa likizo ya kupumzika, na mpaka leo anapumzika.

"Dada aliona wiki ya kwanza tu," akasema. "Hakuniuliza kitu. Aligeuza kiti, akaniambia, tujaribu kuandika hivi. Yakaondoka mabano. Kesho yake akaja na nyingine. Nilimwapisha asimwambie mtu, na wewe nakuomba hivyo hivyo. Mama Mkurugenzi akijua, atanipumzisha na mimi."

Niliitika kwa kichwa, nikaenda dawatini kwangu. Nikaukalia mkono wangu wa kushoto, nikaubana chini ya paja. Nikafungua mkoba wao na kuandika kwa mkono mmoja: jiko, mlo, kijiko, joho. Vidole havikuhama. Herufi zote za maneno yale zipo upande wa kulia wa kibodi, kila moja, na ile wodi yangu yenye herufi nne inaanza upande wa kushoto kabisa. Hapakuwa na alama hata moja ya kubonyeza vitufe viwili. Mistari mia sita na kumi na mbili, na kila mmoja ulikuwa umemwondolea mtu kitufe kimoja asichokifikia. Halafu nikajaribu mwandiko wa kawaida, ule nilioupigania kwa kurasa tano. Kwa mkono mmoja, mstari wa kwanza ulinitoa jasho. Wa pili niliuacha katikati.

Ubao ulitakiwa kusomwa Alhamisi. Nilikuwa na siku mbili, na siku zote mbili nilitafuta hoja ya kuuvunja waraka wangu. Sikuipata. Nilikuwa nimeujenga vizuri mno, kila mlango nilikuwa nimeshaukomea kwa mikono yangu. Ningesema mikoba inaharakisha kazi? Ukurasa wa pili ulikuwa umeshajibu. Ningesema watu wameizoea? Ukurasa wa nne. Hoja iliyobaki hai ilikuwa mkono wa Mtanashati, na huo nilikuwa nimekatazwa. Kwa mke wangu sikusema neno. Ningeanzia wapi? Ningemwambia nilipanda ngazi kwa ncha za vidole kuja kumfumania? Nilikuwa nikiingia nyumbani, nakula, nasinzia kwenye kiti, naye ananitazama.

Alhamisi tulikusanyika wote mbele ya ubao. Mama Mkurugenzi ni mtu wa haki, sitamsingizia, lakini ni haki ya rula. Alisoma mstari baada ya mstari, akafika ule mweupe, akavua miwani. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Nikapiga moyo konde. Nikasema, "Mama, kabla hujaendelea. Ule waraka sikuuleta kwa ajili ya kazi. Niliuleta kwa wivu."

Mtu mmoja akacheka, akadhani ni utani, kisha akajikohoza. Mama Mkurugenzi akaniuliza wivu wa nini.

"Wa mke wangu," nikasema. "Na dawati lake. Niliona wana mkoba mkubwa, mimi na yeye tulikuwa na mdogo. Nikataka usiwepo."

Chini, kwenye duka la vioo, mtu alikuwa akikata kitu kwa msumeno. Mtanashati alikuwa akitazama viatu vyake. Mama Mkurugenzi akauliza kama hoja za kwenye waraka ni za uongo, nikasema si za uongo. Programu ya hospitali ilinishinda kweli kwa sababu sikujua kusoma mkoba. Lakini ningeweza kujifunza. Mkoba uko wazi, ungenichukua wiki. Sikujifunza kwa sababu nilitaka ufe. Nikamwomba airudishe mikoba yote, na mimi niisome yote saba, mstari kwa mstari, niandike kitabu cha maelezo ili siku dawati likiwa tupu mwingine aweze kukaa na kuendelea.

Mama Mkurugenzi akasema nimeipotezea ofisi wiki tatu za watu kumi na wanne, na kwamba cheo cha uangalizi wa mwandiko kimekwisha kuanzia dakika ile. Nitahamia meza ndogo iliyo karibu na mashine ya kuchapisha, peke yangu, hadi kitabu kiishe. Akabandua ubao kwa mikono yake mwenyewe, karatasi za kijani zikaanguka sakafuni, akasema watu watapimwa kwa kazi yao kama zamani, kila mmoja na mkoba wake. Watu wakatawanyika bila kunitazama usoni. Mtanashati alipopita aligusa bega langu kwa mkono wa kulia. Hakuniita shemeji, wala hakuniita chochote.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka, lakini moyoni nilikuwa mwepesi, na nakiri nilitarajia kitu. Nilikuwa nimejivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya yule bwana, kwa ajili yake yeye mke wangu, na siri ya mtu sikuitoa. Nilijiona nimestahili walau chai.

Nilimkuta sebuleni, jua la jioni bado liko kwenye pazia, amekaa na viatu vya kazini miguuni kama mgeni. Nikamwambia kwamba najua habari ya mkono. Nilikwenda ofisini Jumanne nikaona.

"Sizungumzii mkono," akasema.

Akanigeukia.

"Nilikuuliza mara mbili, tuko wawili tu. Ukaniambia ni kazi. Siku hizi mbili umekaa humu ndani unajua kosa lako, hukuniambia. Leo umewaambia watu kumi na wanne, na mimi nikiwa mmoja wao."

Nikataka kujitetea, kwamba hapakuwa na njia nyingine, kwamba nilifanya lililokuwa gumu. Lakini lililokuwa gumu lilikuwa hili hapa, na nilikuwa nimelikwepa kwa kwenda kusimama mbele ya umati. Nikamwambia samahani. Akasema maungamo ameshayasikia ofisini, anachotaka ni kuelezwa yeye: niliona nini, niliogopa nini, na tangu lini.

Nikafungua mdomo. Yale yaliyonitoka asubuhi mbele ya ofisi nzima yakakataa kutoka, hata moja. Nikasimama katikati ya sebule yangu mwenyewe mikono ikining'inia. Mke wangu akavua viatu, kimoja kimoja, akavisogeza kando, akaniambia hana haraka.